Aliyeandikwa Hapatikani

...na kuku nao anao, bila shaka, mtu akishapewa uhai wa nyongeza hakosi na kuku, nawasikia wakichakura karibu na simu aliyoiacha mezani, "Ngoja kidogo, binti yangu, nikalete kadi, tarehe za vipimo zote zimo kwenye kadi, kichwa changu siku hizi ni chekeche," akacheka, akaiweka simu bila kuikata, akaenda zake akiburuta ndala, polepole, mtu asiye na haraka, na mimi hapa mkono wa simu sikioni, kalamu kidoleni, fomu ya miezi ishirini na minne mbele yangu, swali la kwanza limejijibu kabla sijauliza, maana swali la kwanza ni Je, mgonjwa yu hai, na huyu ameitika haloo ya kuwaamsha majirani... yu hai, tena hai wa kupitiliza, miaka sabini na mmoja, ana sukari, ana moyo unaoruka mapigo, ana figo zinazosuasua, karani wa posta mstaafu, wodini tulimwita Bwana Posta, na mume wangu alikuwa na arobaini na minne, fundi wa lifti, akipanda ngazi za chuma ghorofa kumi na mbili na mkoba wa spana begani, hajawahi kumwona daktari hata kwa jino, na walitibiwa wiki moja, chumba kwa chumba, ugonjwa mmoja, tiba moja, na mzee mwenye magonjwa manne ndiye anayetafuta kadi, mume wangu yuko chini ya udongo huko kwa mama yake, nimelipima jambo hili kwa kila mizani na halikai sawa.

"Dada, wamebaki wangapi?" huyo ni Bwana Takwimu, meza ya pili, hata uso hainui, nafunika mdomo wa simu kwa kiganja, "Wawili," "Wapi hao?" "Mia arobaini na sita, niko naye. Na mia arobaini na saba," "Huyo wa saba mjaribu tena, waliopotea wamezidi mwaka huu, saa nane nafunga daftari, nikilifunga limefungwa," na ni kweli, akifunga amefunga, mistari mia na sitini na mitatu, hospitali tano, watu wote waliopewa ile tiba ya seli kwa saratani kali ya tezi, si wale waliochaguliwa kwa utafiti, wale walitakiwa wawe na nguvu na moyo safi kama wanaenda jeshini, hawa wetu ni watu walivyo, wazee, wenye sukari, waliokwisha jaribiwa dawa tatu zikashindwa, "dunia yenyewe," anavyopenda kusema Bwana Takwimu, "hapa, dada, tunahesabu dunia yenyewe," na dunia yenyewe, kwa hesabu yake, karibu wanne katika kumi bado wamesimama baada ya miaka miwili, na anazisema kwa furaha hizo nne, zamani hawa hawakumaliza hata mwaka, naye ana haki ya kufurahi, hakuna wa kwake aliyekuwa kwenye zile sita... na kila mstari una kisanduku kimoja kinachoitwa Hali, unaandika hai, au amefariki, au hapatikani, na aliyeandikwa hapatikani hahesabiwi huku wala kule, anakaa katikati, kwenye mstari wa mia arobaini na saba nimeandika hapatikani kwa mkono wangu, na mia arobaini na saba ni mume wangu, na katika ofisi hii hakuna anayejua, maana kwenye daftari hakuna majina, namba tu, ile namba niliijua kwa sababu ilikuwa kwenye kibangili chake cha mkononi na niliizungusha kwa kidole siku thelathini.

Sikudanganya, mtu asinisingizie, nilifuata utaratibu hatua kwa hatua, simu tatu, siku tatu tofauti, saa tofauti, asubuhi, mchana, jioni, na simu yake iko kwenye mkoba wangu, chini ya meza hii hii, laini sijaifunga, chaji naiweka kila usiku, nikapiga kwa simu ya ofisi, ikalia miguuni kwangu, ikalia mpaka ikakatika, nikaandika tarehe na saa, kesho yake tena, Bwana Takwimu akasema, "Dada, simu yako inalia," nikamwambia, "Najua," akanitazama kidogo kisha akarudi kwenye tarakimu zake, siku ya tatu tena, haikupokewa, na utaratibu unasema asipopokea mara tatu andika hapatikani, nikaandika, kwa mwandiko mzuri kabisa, ndio mwandiko ulionipa kazi hii, walipoitangaza miezi minane iliyopita nikaja na barua yangu, mkubwa wa ofisi akaniuliza, "Umewahi kufanya kazi na wagonjwa?" nikasema, "Nimeuguza," akasema vizuri, hakuuliza nani, hakuuliza nini, wala sikumwambia kwamba karani aliyenitangulia alinipigia kwa ajili ya ile fomu ya mwaka mmoja, niliiona namba, nikaacha ilie... na kama angeniuliza umefuata nini hapa ningemjibu nini, ningemwambia nimekuja kuwaona waliobaki, nimekuja kujua ni nani hao waliopewa kilichokuwa chetu, huo ndio ukweli, mtu mwingine huona gere kwa nyumba au kwa mtoto aliyefaulu, mimi gere langu liko kwenye daftari la wagonjwa, nawaonea wivu watu waliokaribia kufa, hai, hai, hai, kila ninapoliandika neno hilo nalikandamiza mpaka linatoboa karatasi ya pili.

Na huyu kuliko wote, huyu na mkewe, mama mmoja mfupi mwenye sauti nzito, tulikaa naye benchi moja wiki nne, akiniita mwanangu, akinigawia nusu ya kila kitu, chai kwenye kifuniko cha chupa, blanketi, hata habari, yeye ndiye aliyenieleza kwa lugha ya kueleweka baada ya daktari kunivuruga, "Wanawatoa askari wa damuni, mwanangu, wanawapeleka shule, wanafundishwa sura ya adui, wanarudishwa," na waliporudishwa ilikuwa mfuko mdogo usiojaza hata glasi, ulitoka kwenye ubaridi wa kutoa moshi, wauguzi wawili, mmoja akasoma namba ya kwenye mfuko, mwenzake akasoma ya kwenye kibangili, wakabadilishana wakasoma tena, dakika chache mfuko ukaisha, chumba kizima kikanuka kitunguu saumu, ile dawa ya kuwahifadhi kwenye ubaridi, mume wangu akasema, "Mbona askari wenyewe wananuka hivi, shule gani hiyo," tukacheka mpaka muuguzi akacheka... na mlango wa pili saa hiyo hiyo wanamtundikia Bwana Posta wake, na hapo ndipo penye ule upuuzi wangu, upuuzi mtupu, lakini nimelala nao miezi kumi na tisa, kwamba mifuko ilibadilishana, kwamba askari wa mume wangu, vijana, wapanda ngazi, wamo ndani ya yule mzee wanafanya kazi mpaka leo, na sisi tulipewa makarani wa posta, wakakaa, wakagonga mihuri, wakaenda zao saa za kufunga... najua haiwezekani, niliwasikia wakisoma ile namba mara mbili, tena wangebadilisha wangewadhuru wote wawili, najua, na pia najua daktari alinieleza kwa karatasi na kalamu kwamba uvimbe wetu ulikuwa mkubwa, nyuma ya tumbo, na zile wiki sita za kuwasubiri askari watoke shule uvimbe haukusubiri, wa Bwana Posta ulikuwa mdogo na ulitulia, basi, hilo tu, si umri wala nguvu, sasa mweleze hivyo mtu aliyekuwa kwenye benchi.

Maana asubuhi ile ya picha za siku ya thelathini daktari alitoka akamwendea yeye kwanza, yule mama, akamwambia hakuna kinachoonekana, ni safi, na mama wa watu hakupiga kelele wala nini, aligeuka tu akanikumbatia mimi, mimi niliyekuwa karibu, akaniambia sikioni, "Na wewe utaambiwa hivi hivi," na mikono yangu ikaning'inia, sikuinua hata mmoja, nilikuwa nanusa kanga... nguo yake ilinuka sabuni, nikawa nawaza, zimekwisha, bahati za leo wamegawa zote, sisi tumebaki wa mwisho kwenye foleni na sufuria limekwanguliwa, na kweli, kwetu alisema umepungua, umepungua lakini upo, na siku ya tisini haukuwa umepungua tena, mwezi wa tano baada ya ule mfuko akafa kwa mama yake, akitania mpaka siku mbili za mwisho, aliye juu mngojee chini, alisema, ndiyo kauli ya mafundi wa lifti, na lifti ikikwama mngojee sana, mama mkwe akatoka nje ili asicheke... na yule mama alinipigia mara mbili tatu miezi ile, nikaona jina lake, nikageuza simu kifudifudi, ningemwambia nini, hongera, njoo nikukumbatie.

"Una homa zozote? Umeona uvimbe wowote shingoni, kwapani, kinenani?" hilo ndilo swali la nne, nalisoma kimoyomoyo kujiandaa akirudi, na nitasema wazi maana hakuna anayesikia, kila ninapofika kwenye swali la nne na mtu yeyote kati ya hawa, kuna kitu ndani yangu kinainua shingo, kinangoja, kinataka mtu aseme kidogo tu, kauvimbe, kama punje, si afe, sisemi afe, aogope tu, alale macho siku tatu akijipapasa shingo gizani kama tulivyolala sisi, na wakijibu hapana, binti yangu, niko salama, ninaandika hapana... na nikikata simu sasa hivi nani atajua, naiweka hii chini, taratibu, naandika mia arobaini na sita, hapatikani, simu tatu, naandika na saa zake, Bwana Takwimu atapiga kelele kidogo kuhusu waliopotea kisha atafunga daftari, na Bwana Posta ataendelea kulisha kuku wake huko aliko, hatapungukiwa na unyoya, ila katika hesabu ya dunia yenyewe hatakuwemo, mume wangu hamo naye hamo, wote wawili wamekaa katikati, chumba kwa chumba tena, angalau hapo pawe na usawa, angalau karatasi iwe na haya... kidole changu kiko juu ya kitufe cha kukata, nakiona, kucha imekatika upande, kimetulia kabisa hapo juu.

Lakini mbona harudi, dakika ya ngapi sasa, ya nne, ndala sizisikii tena, kuku wenyewe wamenyamaza, kadi gani hiyo ya kutafutwa hivi, mtu wa posta, aliyepanga barua za mji mzima maisha yake yote... na hapo kitu kinaanguka, puu, kitu kizito chenye vyuma ndani, halafu kimya, kimya kabisa, na mimi nimesimama, kiti kimegonga ukuta nyuma yangu, "Mzee?" nasema, "Mzee, uko salama?" naisema kwenye simu iliyolala mezani nyumba ya watu, Bwana Takwimu ameinua uso kwa mara ya kwanza leo, "Vipi tena?" namwashiria kwa mkono anyamaze, nasikiliza kwa mwili mzima, moyo unaoruka mapigo, sukari, ameinama kwenye droo akazunguka kichwa, yuko chini, yuko peke yake, na ninajisikia nikisema ndani kwa ndani, kwa haraka, usife, usife wewe mzee, usithubutu, askari wangu hao, umewabeba miaka miwili, usiwaangushe sasa, na sijui neno hilo limetoka wapi, mimi, niliyekuwa na kidole kwenye kitufe.

"Umeangusha nini tena?" sauti nzito ya kike, kwa mbali, ningeitambua hata sokoni, na yeye, Bwana Posta, amekereka lakini mzima, "Kopo la misumari tu, kadi siioni, nani ameihamisha kadi yangu," "Iko kwenye Kitabu, kabatini, ulipoiweka mwenyewe. Nani kwenye simu?" "Wale wa rejista, wanaouliza kama bado nipo," "Basi leo usisahau, muulize huyo binti habari za yule fundi wa lifti," nakivuta kiti, nakaa, "Hawaruhusiwi kusema habari za watu, nimekwambia," "Muulize hivyo hivyo. Mkewe hashiki simu, labda alibadilisha namba. Kila jioni nikikuombea wewe na yeye namtaja, apone, apone, miaka miwili sasa, nitajuaje ninaomba nini?" na mzee ananung'unika kitu, mlango unafunguliwa, wameingia chumba cha ndani wote wawili, sauti zimezibwa, nasikia tu kwamba wanabishana kuhusu kabati.

Kumbe yuko kwao, hilo ndilo wazo la kwanza, na linachoma kuliko yote, hata mume wangu wanaye wao, katika nyumba ile ana miaka arobaini na sita, anatajwa kila jioni, apone, wana wanaume wawili hai nyumba moja na mimi sina hata mmoja, nataka nicheke, mpaka wapi wivu wangu, namwonea wivu mwanamke kwa sababu mume wangu hajafa kwake... na hajafa kwake kwa sababu mimi sikusema, ni mimi nimemwacha bibi wa watu akipiga magoti yenye gauti kuomba nafuu ya mtu aliyekwisha pumzika, dua karibu mia sita zimekwenda kwenye anwani asipokuwepo, na nikiyasema hayo mbona na mimi ni vile vile, chaji kila usiku, laini sijaifunga, nimemtoa kwenye waliokufa nikasema namhifadhi, wala sikumpeleka kwa walio hai, nimemkalisha katikati, kwenye benchi, peke yake, mtu ambaye hakuweza kukaa peke yake hata chooni, alikuwa akiimba ili nimjibu... na hakukaa katikati, alipigana, aliugua siku mia moja hamsini na mbili baada ya ule mfuko, ninazijua moja moja, siku ya sita alipochanganyikiwa akaniita fundi mkuu, siku ya kumi na moja akarudiwa na akili akaomba wembe anyoe ndevu, siku ya arobaini alipanda ngazi za nyumbani bila kushika ukuta, zilikuwepo siku hizo, zilimtokea mtu, na katika daftari la dunia yenyewe hakuna hata moja, Bwana Takwimu anazihesabu nne zake katika kumi na mtu wangu si katika nne wala si katika sita, na mgonjwa atakayekuja kesho na uvimbe mkubwa nyuma ya tumbo, na mkewe akiuliza watu kama huyu wangu walifikia wapi, wataangalia daftari, na mstari wa mtu aliyefanana naye kuliko wote utakuwa umemnyamazia, kwa mwandiko mzuri kabisa.

Navuta daftari kwa mkono wa kushoto, simu nimeibana kwa bega, mstari wa mia arobaini na saba, ukikosea hufuti, unapiga mstari mmoja juu ya neno ili lisomeke bado, unatia sahihi na tarehe pembeni, napiga mstari, hapatikani inasomeka bado chini yake, natia sahihi, na kalamu inakataa kidogo, naitikisa, amefariki, herufi tisa, nilidhani zitakuwa nyingi zaidi, tarehe, ninaijua, sababu, kurudi kwa ugonjwa, mahali, nyumbani kwa mama yake, "Umempata?" Bwana Takwimu anauliza, ameniona nikiandika, "Bado naandika," nasema, sauti yangu ina maji, anaisikia, anashusha kalamu yake mezani, kimebaki kisanduku cha mwisho, Chanzo cha taarifa, pale huwa naandika hospitali, au kwa simu, au jamaa, nakitazama, Bwana Posta harudi, kule ndani kabati linafungwa linafunguliwa, na mwanamke anasema si hapo, huku, naandika, mke, halafu nasogeza simu karibu zaidi na sikio, tafuta tu, mzee, chukua muda wako, nipo, na ukirudi usiogope kanuni, niulize habari zake.